Kichujio na Kufuli Yake: Historia ya Maji ya Jikoni katika Nyanda za Kisii na Nyamira

Katika majiko makubwa ya Kisii na Nyamira, yaani yale ya shule za bweni, hospitali, vyuo na hoteli zinazolisha mamia ya watu kwa siku, sehemu ya sakafu iliyo chini kuliko nyingine zote ndiyo inayopokea kila kinachomwagika: maji ya kuoshea masufuria, mchuzi, punje za githeri, vipande vya sukuma wiki, mafuta yaliyoyeyuka na jivu la kuni. Hapo ndipo ulipo mdomo wa mfereji wa ndani, na juu ya mdomo huo, jiko likiwa limejengwa kwa uangalifu, huwekwa kichujio cha chuma ambacho sharti kiweze kuchomolewa ili kisafishwe, na sharti pia kiweze kufungwa ili kisichomolewe ovyo. Masharti haya mawili yanapingana, na upinzani huo haukuzuka kwa bahati mbaya. Ni matokeo ya karne nzima ambamo jamii ya Abagusii, iliyozoea kuona maji yakishuka mlimani na kutoweka, ilijikuta ikiishi mahali ambapo chini ya kila mfereji kuna jirani.

Nyanda za Gusii kwa sehemu kubwa ziko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na maeneo mengi hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Maji yake huondoka kwa njia mbili kuu: Mto Gucha, ambao watu wa nyanda za chini huuita Kuja, na Mto Sondu ulio upande wa kaskazini, na yote miwili huishia katika Ziwa Victoria. Maboma yalijengwa migongoni mwa vilima na miteremkoni, ilhali chemchemi nyingi zilikuwa mabondeni, hivi kwamba maji safi yalipandishwa kwa kichwa na maji machafu yalishuka yenyewe. Mwanahistoria anayetafuta sababu ya kutokuwako kwa mifereji ya jikoni katika makazi ya zamani hana haja ya kudhani kwamba watu hawakujali usafi, kwa kuwa jiografia yenyewe inatosha kueleza jambo hilo. Aliyebeba mtungi kutoka bondeni hadi kileleni hakuwa na maji ya kumwaga sakafuni, na kiasi kidogo kilichobaki baada ya kuosha vyombo kilitupwa nje ya mlango, kikafyonzwa na udongo mwekundu wenye kina kirefu ambao ndio sifa ya nchi hiyo.

Kuna sababu ya pili, na pengine ndiyo yenye uzito zaidi. Katika jiko la mama wa Kigusii, palipopikwa ugali wa wimbi na mboga za majani kama chinsaga, mabaki ya chakula hayakuchanganywa na maji hata mara moja. Maganda na makapi yalikuwa ya ng'ombe na mbuzi, makombo yalikuwa ya kuku na mbwa, jivu lilipelekwa shambani, na migomba ilipoenea, maji ya vyombo yalimwagwa penye mashina yake nyuma ya nyumba. Kila kitu kilitengwa kwa mkono kabla ya kutupwa, kwa sababu kila kitu kilikuwa na mwenyewe anayekingoja. Kichujio cha sakafuni huhitajika tu pale ambapo yabisi na kimiminiko vimeachwa vikutane, na katika uchumi ule wa nyumbani havikukutana. Si kwamba jamii haikujua kuchuja. Katika maeneo ya magharibi mwa Kenya wazee walikunywa pombe ya wimbi kutoka chungu kimoja kwa mirija mirefu, ambayo ncha zake zilivikwa vichujio vidogo vilivyosukwa ili makapi yasipande, na vichujio hivyo vilisafishwa na kutunzwa pamoja na mirija yake. Ustadi wa kutengeneza kichujio kinachosafishika ulikuwapo, ila haukuwa na kazi jikoni.

Kazi hiyo ililetwa na taasisi. Kituo cha serikali ya kikoloni kilianzishwa Kisii mwaka 1907, kikafuatwa na misheni ya Kikatoliki ya Nyabururu mwaka 1911 na ile ya Waadventista huko Nyanchwa mwaka uliofuata, kisha hospitali na shule za serikali. Kwa mara ya kwanza katika nyanda hizo watu wengi wasio wa ukoo mmoja walilishwa kutoka jiko moja, siku baada ya siku, na mpishi hakuwa mwenye ng'ombe wala mwenye migomba. Mabaki yalikosa mwenyewe. Yaliyokuwa chakula cha mifugo yakawa takataka, na njia nyepesi ya kuyaondoa ikawa kuyasukuma kwa maji.

Watawala waliuogopa mfereji kwa sababu nyingine kabisa, nayo ni panya. Tauni, ugonjwa unaoenezwa na viroboto wa panya, ilizuka Nairobi mwaka 1902 na kuifanya serikali iuteketeze mtaa wa maduka wa Wahindi, na sheria nyingi za afya zilizofuata zilibeba kumbukumbu ya hofu hiyo. Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 1921, ambayo kiini chake bado kinatumika Kenya kama Sura ya 242, iliwapa wakaguzi mamlaka ya kuingia katika majengo, kuamuru mifereji irekebishwe na kutaka panya wazuiwe, na kanuni zilizotungwa chini yake zilihusu mifereji na vyoo moja kwa moja. Mkaguzi huyo ndiye watu waliyemwita bwana afya. Kwake yeye bamba lenye matundu lililofunika mdomo wa mfereji lilikuwa kwanza kizuizi cha kinachopanda kutoka chini, na baadaye tu ndipo likawa kizuizi cha kinachoshuka kutoka juu.

Inafaa hapa kueleza kwamba bamba peke yake halizuii harufu. Kazi hiyo hufanywa na kipande cha bomba kilichopindwa chini ya sakafu ili maji kidogo yabaki humo wakati wote na kuziba njia ya hewa chafu, na maji hayo huitwa kizibo cha maji. Mpindo wa namna hii ulisajiliwa London mwaka 1775 na fundi wa saa, Alexander Cumming, kwa ajili ya choo, na tangu hapo umeenea katika kila aina ya mfereji wa ndani. Ubora wake ndio udhaifu wake pia: mahali maji yanapotuama ndipo punje ya mahindi inapotua, na mahali punje moja ilipotua ndipo ya pili inaposimama. Kila aliyeweka bomba lililopindwa katika jiko la watu wengi alijiwekea pia wajibu wa kuchuja, ingawa wajenzi wengi hawakulitambua hilo hadi maji yaliporudi juu na kufurika sakafuni.

Wakati majiko ya taasisi yalipokuwa yakijifunza somo hili polepole, wakulima wa Gusii walikuwa wakijifunza kuchuja kwa ustadi mkubwa mahali pengine. Kisii ilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza nchini, pamoja na Meru na Embu, ambako Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa katika miaka ya 1930, na baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, uliokusudia kuongeza mazao ya biashara katika mashamba ya Waafrika, kahawa ilienea kwa kasi. Vyama vya ushirika vilijenga viwanda vya kumenyea kahawa kando ya vijito. Katika kiwanda cha namna hiyo tunda lililoiva humenywa kwa mashine, punje zake hulazwa katika matangi ya saruji ili ute unaozizunguka uchachuke, kisha huoshwa kwa maji mengi katika mifereji mirefu ambamo punje nzito huzama na zile nyepesi huelea. Tundu la kutolea maji katika kila tangi huzibwa kwa bamba lenye matundu linalochomolewa, ambalo hupitisha maji na ute na kubakiza punje.

Fundi na mfanyakazi wa kiwanda cha kahawa walilijua bamba hilo vizuri. Walijua kwamba tundu likiwa kubwa kupita kiasi punje hupotea, na likiwa dogo mno ute huliziba, walijua kwamba ni lazima lisuguliwe kila baada ya mzigo mmoja, na walijua kwamba likitoka mahali pake wakati tangi limejaa, jasho la wanachama huenda mtoni. Hakukuwa na haja ya kulifunga kwa kufuli. Lililindwa na thamani ya kile lilichokizuia, na mamia ya macho yaliyokuwa na haki ya malipo ya msimu yalitosha kuwa walinzi.

Kichujio cha jikoni kina umbo lile lile na bahati iliyo kinyume. Kinachobaki juu yake hakina mnunuzi. Anayekisafisha huinama mwisho wa siku ndefu kuchota kwa mkono uchafu wenye mafuta, na asipokisafisha hakuna anayepoteza kitu siku hiyo. Hasara huja baada ya wiki au miezi, chini ya ardhi, na mara nyingi katika uwanja wa mtu mwingine. Ndiyo sababu ujuzi uliopatikana katika viwanda vya kahawa haukuhamia jikoni wenyewe, ingawa mara nyingi watu walikuwa wale wale na kijito kilikuwa kile kile. Hoja hii inapaswa kutiliwa mkazo, kwa kuwa mara nyingi kuziba kwa mifereji katika miji ya Kenya huelezwa kama tatizo la ujinga, na katika Gusii maelezo hayo hayasimami.

Kipindi kilichofanya kichujio kiwe cha lazima ni kile cha shule. Dayosisi ya Kisii iliundwa mwaka 1960, Askofu Maurice Otunga akiwa wa kwanza kuiongoza, na shule ya wavulana ya Mosocho ikaja kubeba jina lake, na baada ya uhuru shule za serikali, za makanisa na za harambee, yaani zilizojengwa kwa michango ya wananchi, zilijaa katika kila tarafa. Nyingi zilikuwa za bweni. Jiko la shule yenye mamia ya wanafunzi hupika githeri, mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, katika masufuria yasiyoweza kubebwa na mtu mmoja, na sufuria hizo huoshwa mahali zilipo kwa kumwagiwa maji na kuinamishwa. Mahindi na maharagwe yasiyoiva vizuri huendelea kuvimba ndani ya maji ya bomba. Wali hugandamana. Jivu na mchanga, ambavyo wapishi hutumia kusugulia masizi ya kuni, huzama katika kila mpindo.

Mafuta yana historia yake. Mafuta ya kupikia yanayouzwa yakiwa yameganda, ambayo Kimbo ndilo jina lililozoeleka zaidi katika nyumba za Kenya, yalipokuwa ya kawaida katika chapati, mandazi na mboga za kukaanga, majiko ya nyanda za juu yalipata tatizo ambalo Mombasa haikulijua kwa kiwango hicho. Mafuta hayo huyeyuka katika maji ya moto ya kuoshea na kuganda tena bomba linapopita katika udongo wa baridi wa Kisii, hasa usiku, na yakigandia juu ya jivu na punje hugeuka kuwa kitu kigumu ambacho fimbo ya kuzibulia hupenya bila kukiondoa. Ili kuyazuia huhitajika chumba kidogo cha saruji nje ya jiko, kiitwacho mtego wa mafuta, ambamo maji hutulizwa ili mafuta yaelee na kuondolewa kwa ndoo. Lakini mtego wa mafuta hufanya kazi tu ikiwa yabisi yamezuiwa kabla ya kuufikia. Punje zikiingia humo hujaa chini, maji hupita kwa kasi, na mafuta huendelea na safari yake.

Hapo ndipo kufuli inapoingia katika historia hii. Kichujio kilicholazwa tu juu ya mdomo wa mfereji hujaa uchafu katikati ya kazi, maji yakaanza kutuama miguuni mwa wapishi, na anayesimama ndani ya maji hayo huku chakula cha wanafunzi kikichelewa hukiinua kwa ncha ya mwiko au kwa kisigino, maji yakaondoka kwa kishindo pamoja na kila kitu kilichokuwa kimezuiwa. Tendo hilo huchukua muda mfupi na huharibu kazi ya siku nzima. Wapishi hawastahili kulaumiwa kwa hilo, maana wamepewa jukumu la kupika kwa wakati na si la kutunza bomba lililo mita 50 kutoka mlangoni. Kosa ni la aliyejenga jiko lenye mdomo mmoja mdogo na kichujio kimoja kisichoweza kubadilishwa kwa kingine kilicho safi.

Kichujio chenye kufuli, kama kinavyotengenezwa na viwanda vya vifaa vya majiko, kina sehemu mbili. Juu kuna bamba imara la kukanyagwa, na chini yake kikapu chenye matundu madogo zaidi kinachoshika punje na vipande. Bamba hushikwa na meno yanayoingia katika pete iliyojengewa sakafuni na kukazwa kwa kuzungushwa robo mzunguko, au kwa skrubu inayohitaji chombo maalumu, ambacho hukaa kwa msimamizi wa jiko. Hutengenezwa kwa chuma cha pua, yaani aina ya chuma kisichoshika kutu kwa sababu ya kuchanganywa na kromiamu, ambayo Harry Brearley wa Sheffield alianza kuiyeyusha mwaka 1913. Kabla ya hapo, na kwa miaka mingi baadaye katika majiko ya Gusii, bamba lilikuwa la chuma cha kuyeyusha, zito na lenye kutu, ambalo lililindwa na uzito wake tu.

Bei ya kifaa cha kiwandani iliwarudisha wengi kwa mafundi wa jua kali, wachomeleaji wanaofanya kazi katika vibanda vya Kisii, Keroka na miji mingine ya eneo hilo. Mafundi hao hukata vyuma vya pembe na nondo, huchomelea fremu inayokaa sawa na sakafu, huweka bawaba upande mmoja na sikio la kufuli ya kawaida upande wa pili. Kazi yao inastahili heshima kuliko inayopewa, kwa kuwa waligundua kwa kujaribu jambo ambalo michoro ya kiwandani haikulizingatia: kwamba katika jiko la kuni sufuria huburutwa juu ya sakafu, na bamba lolote linalochomoza hata kidogo litang'olewa. Udhaifu wa kazi hiyo uko katika matundu. Nondo zilizopangwa kwa nafasi ya kidole hupitisha mahindi na maharagwe yote, na bila kikapu cha ndani bamba hilo huzuia panya na vijiko, lakini si chakula.

Sheria ilikuja nyuma ya mafundi. Kanuni za usafi wa chakula za mwaka 1978, zilizotungwa chini ya Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, zilidai kila mahali pa kuuzia au kutayarishia chakula pawe na kibali na pafae kiafya. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 na kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 ziligeuza mtazamo kutoka ndani ya jiko hadi mtoni, kwa kumtaka anayemwaga majitaka athibitishe ubora wake. Katiba ya mwaka 2010 iliweka utoaji wa vibali kwa wauzaji wa chakula mikononi mwa kaunti, hivi kwamba tangu 2013 afisa wa afya anayeingia jikoni Nyamira na yule anayeingia Kisii wanafanya kazi chini ya serikali mbili tofauti, ingawa mito inayopokea maji ya majiko hayo haijui mpaka huo.

Mji wa Kisii unaonyesha kwa uwazi kwa nini mtazamo ulilazimika kubadilika. Mto Nyakomisaro unapita katikati ya mji, ukipokea maji ya mitaa ya hoteli na masoko, kisha huingia Mto Riana, ambao nao huingia Gucha. Mji una mtandao wa majitaka unaofika kwenye mabwawa ya kusafishia huko Suneka, chini ya kampuni ya maji ya Gusii, lakini majengo yasiyounganishwa hutegemea matangi yaliyozikwa ardhini au mifereji ya wazi, na mifereji hiyo huelekea mtoni. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, karibu 957 kwa kila kilomita mraba. Katika msongamano huo hakuna mahali panapoweza kuitwa mbali. Kijito kinachopokea mafuta ya jiko asubuhi ndicho kinachonyweshea ng'ombe wa mtu mwingine jioni, na ndimo zinamofuliwa nguo za wa tatu.

Kufuli ilipata pia sababu nyingine ambayo watunga sheria za afya hawakuifikiria. Biashara ya vyuma chakavu ilipopanuka, mabamba ya mifereji na mifuniko ya mashimo ya majitaka yakawa na bei sokoni, na yale yaliyokuwa nje ya majengo yakaanza kutoweka. Sheria ya Vyuma Chakavu ilipitishwa mwaka 2015, na Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo kwa muda baada ya nguzo za umeme kuharibiwa. Shule kadhaa zimebadilisha mabamba ya nje kwa saruji yenye matundu, ambayo haina soko, na kubakiza chuma chenye kufuli ndani ya jiko peke yake.

Nyamira, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Kisii hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, ina watu 605,576 kwa sensa hiyo hiyo, na majiko yake makubwa yako zaidi katika shule za mashambani kuliko katika mji. Huko kichujio kina uzito mkubwa kuliko Kisii mjini, jambo ambalo huwashangaza wanaodhani kwamba vifaa vya namna hii ni vya mjini. Maji ya jiko la shule ya mashambani huishia katika shimo la kufyonza, yaani shimo lililojazwa mawe ambalo kuta zake za udongo hunywa maji polepole. Udongo mwekundu wa Nyamira hunywa vizuri sana, lakini mafuta na uji wa nafaka yakifika kwenye kuta hizo huunda ngozi nyeusi inayoziba vinyweleo vya udongo, na ngozi hiyo haizibuliwi kwa fimbo wala kwa kumwagiwa maji. Lori la kunyonya majitaka likiitwa hulipwa kwa umbali, huondoa maji na kuacha ngozi ilivyokuwa, na shimo hujaa tena. Shule hulazimika kuchimba jipya kando ya la zamani, kisha jingine kando ya hilo, katika kiwanja ambacho tayari kimebanwa na mashamba ya chai pande zote.